Uani kwa Bi Mwamvua

Kama kuna mtu amewahi kukudanganya kwamba kazi ya kutafuta utulivu ni kazi ya utulivu, mtu huyo hajawahi kuzunguka Dar es Salaam na kikombe mkononi.

Mimi nimezunguka mpaka visigino vimepasuka. Asubuhi ile, Jumatano, nilianzia Bustani ya Mikoko, niliyoisajili mwenyewe baada ya masika, nikaikuta imegeuka gulio. Watu wamelala mpaka njiani, wauza juisi wanapigana vikumbo, na kila mtu anamwambia mwenzake "shii!" kwa sauti iliyozidi kelele yenyewe. Nikasimama getini nikaachia tusi moja zito. Mama mmoja akageuka akaniambia, "Dada, hapa ni mahali pa kupumzika." Nikamwambia pumzika basi mama, nani amekukataza?

Ndivyo ilivyo kazi yetu sisi wasikizi wa Mamlaka ya Utulivu. Ukipata mahali pametulia, panasajiliwa. Pakisajiliwa, wanakuja kuhakiki. Wakiridhika, nguzo ya Mamlaka inasimikwa siku hiyo hiyo, wenye nyumba wanahamishwa jioni, na kila mwenye punje sikioni anatangaziwa kwamba kuna pahala papya pa kupumzikia. Wanamiminika. Baada ya wiki chache pamekwisha, nawe unaambiwa katafute pengine.

Na nani siku hizi hana punje? Iko nyuma ya sikio, chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Ndiyo inayokuonyesha njia, inayokupigia simu, inayokutafsiria Mchina wa dukani. Ndiyo pia inayopokea maneno ya vinadi, vile visanduku vilivyopigiliwa juu ya kila mlango wa biashara, vinavyokunong'oneza ndani kwa ndani kichwani. "Dada Sikudhani, unaonekana umechoka." "Dada Sikudhani, mbele kidogo kuna soda ya baridi." "Dada Sikudhani, hivi godoro lako lina umri gani?" Godoro langu linawahusu nini! Kuna siku natamani niichimbue hiyo punje kwa kisu cha vitunguu.

Lakini siku hiyo Mamlaka wala sikuwa nayo akilini. Nilikuwa natafuta kwa ajili ya mdogo wangu, Shomari. Punje yake ilikuwa imechemka.

Madaktari wana jina lao refu, sisi tunaita mchemko. Punje imeundwa ichambue kelele na kuokota maneno ndani yake. Mjini kelele haziishi, kwa hiyo nayo haipumziki, mpaka inafika siku inaanza kuokota maneno yasiyokuwepo, na mlio usiokatika kuanzia alfajiri hadi alfajiri. Mtu hali wala halali. Ukimfungia chumba kisichopitisha sauti ndiyo umemmaliza, kwa sababu punje ikikosa kabisa cha kusikia inachachamaa zaidi, inatafuta kama mtu aliyepoteza funguo. Ukimkimbizia shamba, akivuka mnara wa mwisho wa mji punje inakata, na ikikata imechemka inakufa pamoja na mshipa wa sikio. Dawa yake ni utulivu wenye watu ndani yake. Maji yanamiminwa, ufagio unapita, mtu anakohoa taratibu, na hakuna anayekuita. Punje ikikaa hivyo siku nne mfululizo inasinzia, ikizinduka imepoa. Ila ikishtuliwa katikati, daktari alituambia waziwazi, haipoi tena. Itang'olewa, na usikivu utaondoka nayo.

Ung'oaji wa Shomari ulikuwa umepangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Na kazi ya Shomari ni kutangaza mpira redioni.

Sheria inampa msikizi fadhila moja tu: mahali alipopapata yeye, mgonjwa wa kwanza kuingia ni wa kwake. Ndiyo maana nilikuwa natembea kama nimefukuzwa. Nilipofika Ilala bajaji za juu, zile zinazoruka, zilikuwa zinavuma kichwani kwangu hata meno yanatetemeka, nikakata kona nikaingia uchochoro wa kwanza niliouona. Nikapiga hatua chache, nikasimama.

Hakuna aliyeniita. Uchochoro mzima una maduka pande zote mbili, na hakuna kinadi hata kimoja kilichofungua mdomo. Fundi bati amekaa mbele ya karakana yake amekunja mikono, anatazama bati kama aliyefunga anavyotazama futari. Watoto wanacheza kombolela, wanakimbia pekupeku, wanacheka kwa mabega. Mtu mwenye akili zake angejiuliza hapo kuna nini. Mimi akili zangu zilikuwa nyumbani kwa Shomari. Nikasogea kwenye ukuta wa uani wa nyumba ya katikati, nikainua kikombe.

Tunakiita kikombe kwa umbo lake, ingawa ni chombo cha bati jepesi chenye masikio pande zote. Utulivu ukidumu, mwanga wa kijani unapanda kutoka kitakoni. Zamani kilikuwa na kitufe cha kutuma vipimo, wakakitoa walipogundua wasikizi wanaficha sehemu nzuri kwa ajili ya ndugu zao. Siku hizi kikijaa kinajituma chenyewe ofisini.

Kijani kikapanda. Nikazuia pumzi, mikono inaniuma, kikapanda kikafika ukingoni, kikajaa! Tangu nianze kazi hii sikuwahi kuona kikombe kikijaa mpaka ukingoni. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga nikalia kwa furaha, tena kimya kimya, maana hata mimi mahali pale palishanitia adabu.

*

"Anatoka jikoni, anampiga chenga stuli, anamwacha stuli! Yuko peke yake na kabati! Anarudi, anarudi tena jikoni, jamani huyu mchezaji anatafuta nini?"

Ndivyo nilivyomkuta Shomari, anazunguka sebule, anajitangaza mwenyewe. Alikuwa amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Alisema akijitangaza mlio unapungua kidogo, sauti yake inaufunika. Akinyamaza unarudi.

"Kaa chini nikuambie," nikasema.

"Dada Siku, nikikaa nazisikia sauti. Sasa hivi kuna mwanamke ananiuliza nimeuweka wapi mwiko."

"Nimepata."

Akasimama. "Umepata mwiko?"

"Nimepata mahali, mjinga wewe! Ilala. Kikombe kimejaa hadi ukingoni."

Hakuniamini mpaka nilipomwapia kwa marehemu mama yetu. Kisha akaweka kipaji chake cha uso begani kwangu, akakaa hivyo, mwili unamtetemeka kama jenereta. Mimi nampenda huyu mtu. Nimemlea tangu anaota meno, nikamfundisha kuongea, na tangu hapo hajanyamaza. Nikajiambia, Sikudhani, hata kama utahamisha nyumba kumi, huyu lazima apone.

*

Alhamisi asubuhi nikarudi kuwaandaa wenye nyumba. Mlangoni nilimkuta dada mmoja mnene mwenye unga mikononi, anasukuma chapati juu ya kibao alichokitandikia kitambaa chini kisigonge. Baadaye nilijua anaitwa Chiku, amepanga nyumba ya pili, chumba chenye mlango wa uchochoroni. Aliniangalia juu hadi chini.

"Viatu mkononi," akanong'ona. "Halafu ndiyo useme shida yako."

Nikavua. Nikamwambia mimi ni msikizi wa Mamlaka, na kwamba uani wao umefuzu. Nilidhani angefurahi, wengine hufurahi, wanapewa ghorofa. Chiku akauacha mti wa chapati.

"Umefuzu nini?"

"Utulivu. Huu uani ndio mahali palipotulia kuliko pote nilipopima."

"Wewe dada una wazimu," akasema Chiku, bado kwa mnong'ono, na mnong'ono wake ulikuwa na makali kuliko makelele ya wengine. "Mwanamke yuko eda humu ndani! Mtaa mzima umefunga mdomo kwa ajili yake, wewe umekuja na bati lako unasema pametulia?"

Mimi ni mtoto wa Temeke, nimezaliwa humu humu, na eda naijua. Nimemwona bibi yangu akiikalia miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, mwanaume asiyekuwa ndugu yake wa damu haingii akamwona. Najua pia watu wanavyopunguza redio jirani akiwa na msiba. Nilichokosea ni kuamini bati. Kazi imenifundisha kwamba utulivu ni mali ya mahali, uko pale kama kisima, wewe unakuja unapima kina.

Chiku alinipeleka ndani. Bi Mwamvua alikuwa amekaa mkekani uani, amevaa kaniki, mwembamba, mgongo umenyooka. Nikampa shikamoo na pole ya msiba.

"Marahaba mwanangu, tumeshapoa. Kaa." Akanitazama. "Hicho ndicho ulichonipimia?"

"Ndiyo, Bi."

"Juu ya ukuta, bila hodi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Chiku ndiye aliyenisimulia mambo yalivyo, na hapo hata yeye alitabasamu. Bi Mwamvua ni kungwi. Hakuna mke mtaa ule ambaye hakufundwa na yeye. Mumewe alipofariki, wanawake walikaa kikao jikoni kwa Chiku, na jioni ile wanaume wote wakakuta amri imeshapita. Vinadi vikazimwa. Fundi bati akahamishia nyundo yake Buguruni, anakuja hapa kukaa tu, kwa mazoea. "Nani atathubutu kuwasha redio?" akasema Chiku. "Atalala wapi?"

"Nimekaa na mume wangu miaka yote kwenye makelele," akasema Bi Mwamvua. "Vinadi, nyundo, mabajaji. Hata alipokuwa anakata roho aliniambia neno la mwisho sikulisikia. Sasa ndiyo namsikia. Nikikaa hapa jioni namkumbuka alivyokuwa akisema, sauti yake, si maneno tu. Eda yangu bado. Sasa wewe unataka kuniletea watu?"

Nikatoka mbio, viatu mkononi, mpaka barabara kubwa, kwa maana kupiga simu mle ningeona aibu. Nikampigia bosi wangu, Bwana Kaijage. Si mtu mbaya, hilo niliseme kabisa. Ni mtu ambaye wagonjwa wanapanga foleni mpaka nje ya mlango wa ofisi yake, na anawajua kwa majina.

"Futa ile ya Ilala," nikapiga kelele kuzishinda bajaji. "Kuna mjane yuko eda!"

"Sikudhani, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Unajua wangapi wanalia hapa? Huyo mama tutamtafutia nyumba nzuri, yenye kiyoyozi. Eda atakaa huko."

"Eda inakaliwa nyumba uliyoachwa na mumeo, bosi. Na kule kuna lifti, kuna wanaume. Halafu huo utulivu si wa pale, ni wa majirani. Akiondoka yeye unaondoka nao!"

"Kikombe hakijui majirani. Uhakiki ni Jumatatu." Akashusha sauti. "Na mdogo wako je? Wewe si ndiye uliyekuwa unalia hapa juzi?"

Nilimkatia. Nikarudi uani nikawaambia ukweli wote, na kwamba Jumatatu watakuja. Bi Mwamvua akawaza kidogo, akasema rahisi tu: "Basi Jumatatu mtapiga kelele." Chiku akaziba mdomo kwa kanga, anacheka. Uhakiki ukishindikana, mahali panafutwa moja kwa moja, hapapimwi tena. Ilikuwa imekwisha.

Nikaaga. Nilifika ukumbini Bi Mwamvua aliponiita.

"Ulikuwa unamtafutia nani?"

Sikutaka kusema. Nilisema. Nikasema na Ijumaa, na mpira, na mwiko. Bi Mwamvua akamgeukia Chiku.

"Chumba chako kinapakana na uani wangu. Ukuta ni mmoja. Sitamwona, hataniona. Wewe utalala kwangu. Leo Alhamisi mpaka Jumapili ni siku nne, atakuwa ameshapoa kabla hamjaanza fujo zenu."

Nilimbusu mikono. Akaitoa, akasema niache unafiki nikamlete mtoto.

*

Jamani, Shomari alilala.

Siku ya kwanza alikaa kitandani kwa Chiku amekodoa macho, vidole vinacheza. Ng'ambo ya ukuta Bi Mwamvua alikuwa anachambua mchele, tunasikia punje zikianguka kwenye ungo. Chiku akafagia. Mtu akachota maji. Jioni Shomari akaniuliza, "Ule mwiko wameupata?" Nikamwambia wameupata. Akasema, "Afadhali," akajinyoosha, akalala na viatu vyake; nikamvua taratibu, nikavipanga nje ya mlango.

Ijumaa aliamka mara moja akanywa uji, akalala tena. Uso ulianza kurudi. Mimi nilikuwa siwezi kutulia, natoka, naingia, namtazama anavyopumua, natoka. Wanawake wa mtaa walikuwa wanapita dirishani kuuliza kwa ishara ya kidole, vipi? Nami najibu kwa gumba. Hawamjui, hata jina hawalijui, na mmoja alikaa mlangoni mchana kutwa kuwafukuza kuku. Sijawahi kufanyiwa wema wa namna ile na watu wasionidai undugu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uchochoroni naosha bakuli lake la uji nilipomwona Bwana Kaijage anakata kona. Nyuma yake vijana wawili wa Mamlaka wamebeba nguzo.

Bakuli liliniponyoka likaangukia mchangani, bahati halikulia.

"Shii," akasema Kaijage, anatabasamu, ananyata kama mwizi wa kuku. Alikuwa amefurahi kwelikweli. "Nimeiwahisha. Nimewaambia wakubwa kuna mgonjwa wa msikizi anayeng'olewa Ijumaa, hawezi kungoja Jumatatu. Nimegombana nao mpaka wamekubali. Leo jioni mdogo wako anaingia."

"Bosi, nilikuambia kuhusu yule mama."

"Gari la kumhamisha liko barabarani. Tumelijaza mito. Sikudhani, atakuwa salama." Akanikabidhi kikombe cha uhakiki, kile kikubwa, kizito. "Aliyepapata ndiye anayekishika. Inua."

Nikainua. Ningefanya nini?

Kijani kikaanza kupanda.

Hakuna nilichotakiwa kufanya. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Nilitakiwa kusimama tu, mikono juu, mdomo umefungwa. Kikombe kingejaa, nguzo ingesimama, Shomari angeendelea kulala pale alipo mpaka kesho yake jioni, akaamka mzima, akatangaza mpira. Na Bi Mwamvua angetolewa nyumba ya mumewe mbele ya vijana wa kiume, akapakiwa kwenye gari la mito.

Nikaangalia pembeni. Chiku alikuwa amesimama mlangoni, unga mpaka viwikoni. Fundi bati alikuwa ameinuka kwenye kigoda, na sijui nyundo ameitoa wapi, anayo mkononi. Wanawake walikuwa madirishani. Wote walikuwa wameona nguzo, wote walijua ni nini, na hakuna aliyetoa sauti. Yeyote kati yao angeweza kuanza. Ni mtaa wao, ni kungwi wao. Hawakuanza, walikuwa wananiangalia mimi. Walikuwa wanamngojea mwenye mgonjwa.

Kijani kilifika nusu, kikapita nusu.

Nikasema moyoni, mwambieni mtu mwingine achague! Nilimchukia Kaijage kwa wema wake, nikamchukia Bi Mwamvua kwa kunikaribisha, nikamchukia hata Shomari kwa kulala vizuri hivyo. Kama wangenifukuza siku ile ya Alhamisi, ningesimama pale na mikono yangu juu mpaka kikombe kifurike. Lakini walinipokea. Ule usingizi wa Shomari ulikuwa wao, walikuwa wamempa, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wao nawaibia uliobaki.

"We Chiku!" nikapiga kelele. "Chiku! Toka nje, mwizi wa waume za watu!"

Kaijage aliruka. Chiku akabaki mdomo wazi, sekunde moja tu, halafu nikaona macho yake yanajaa machozi, na kutoka kifuani kwake ikatoka sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia.

"Nani? Mimi? Mimi nikuibie mume wewe? Yule mwenye masikio kama panga boi? Jamani njooni mniokoe, navunjika mbavu!"

"Umemlisha chapati za nini kama humtaki?"

"Alikuja na njaa! Mpikie mumeo, mwanamke, usimpikie kikombe!"

"Msute! Msute huyo!" wakaitikia madirishani, na wakamwagika uchochoroni, na masufuria, na miko, kanga zimefungwa kiunoni, wanapiga vigelegele, wanaimba. Fundi bati akalishukia bati lake kama ana kisasi nalo. Watoto walipiga mayowe ya wiki zote walizonyimwa. Mtu akafungulia vinadi, na nikasikia ndani ya kichwa, "Dada Sikudhani, unaonekana una hasira, umeshajaribu chai ya mchaichai?" Nami naendelea kutukana, natukana huku nalia, koo linaniwaka, matusi mengine siyajui niliyatoa wapi. Kila neno nilijua linapita ukuta gani.

Kikombe kikashuka, kikawa kitupu, kikazimika. Kilijituma chenyewe.

Vijana wakalaza nguzo begani. Kaijage hakuondoka mara moja. Alikuwa anaangalia mlango wa chumba cha Chiku, uliofungwa, na viatu vya kiume vilivyovuliwa na kupangwa nje yake.

"Mdogo wako yuko wapi, Sikudhani?" akauliza.

Nikaugeukia ule mlango. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akaenda zake na vijana wake na nguzo yao.

Chiku alipunga mkono mmoja tu. Nyundo ikasimama, masufuria yakashushwa, kinadi cha mwisho kikazimwa. Uchochoro ukarudi kama nilivyoukuta Jumatano, kama vile hapakuwahi kutokea kitu. Ng'ambo ya ukuta Bi Mwamvua aliuliza, taratibu, "Kijana ameamka?"

Nikafungua mlango.

Shomari alikuwa amekaa kitandani, viganja masikioni, anayumba mbele na nyuma. Aliponiona akajaribu kutabasamu, akashindwa.

"Nimeota unatukana watu," akasema. Alisema kwa nguvu, kama mtu aliye kwenye mashine ya kusaga.

"Hukuota."

"Nani amekuanza?"

"Hakuna. Nimeanza mimi."

"Ulikuwa unajua nimelala?"

"Nilijua."

Nilimwambia yote, nguzo, gari, kikombe kilivyofika. Sikujitetea, ningejiteteaje? Alinisikiliza akiwa amefumba macho na kukunja uso, anapangua maneno yangu kutoka kwenye mlio, moja moja. Nilipomaliza akageukia ukutani, akanipa mgongo. Nikasema moyoni, anitukane, anipige, mdogo wangu, chochote. Kisha akasogea, akapiga godoro kwa kiganja, nafasi aliyoniachia.

"Niongeleshe," akasema.

"Nikuambie nini, Shomari?"

"Usinong'one, sikusikii! Chochote. Mpaka Ijumaa. Ongea tu, Dada Siku, usinyamaze hata kidogo."

Nikakaa. Mimi, ninayejulikana mji mzima kwa mdomo, nikakosa pa kuanzia. Ng'ambo ya ukuta nikamsikia Bi Mwamvua anainuka mkekani, anajikokota, anaingia chumba cha mbele, anafunga mlango nyuma yake, atuachie uani.

Nikavuta pumzi, nikaanza kumweleza mdogo wangu, kwa sauti yote niliyokuwa nimebaki nayo, kwamba huyu Chiku si mwizi wa waume za watu, ni mtu mzuri, na chapati zake ni laini.